Sahani Tatu za Idarusi

Ukitoka soko la Ngamiani ukashika Barabara ya Nane, utaikuta baraza ya saruji yenye ufa katikati, na mbele yake jiko la mkaa la babu yangu, Mzee Shekhe, muuza kahawa. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nakaa mlangoni hapo nikipika vitumbua, kwa hiyo yanayosemwa barazani nayasikia yote. Wenyewe wa baraza ni watatu. Mzee Uweso aliendesha lori la mkonge miaka mingi, akabaki na jina la Tani Saba. Mzee Hamad, seremala wa ngalawa kutoka Pemba, anaitwa Mirengu, kwa sababu ya ile miti inayotoka ubavuni mwa ngalawa kuishika isipinduke, na hakuna jambo duniani asilolifananisha nayo. Wa tatu ni kaka Msafiri, ambaye hajasafiri kupita Pongwe, lakini husoma kila karatasi iliyofungiwa karanga, basi huyo ni Gazeti. Nikizungumza nao nawaamkia kwa majina yao. Hapa nitawaita kama baraza inavyowaita. Na mbele ya baraza, juu ya magogo ya mnazi, mwezi mzima wa Mfungo Tano, lilikaa gari la fundi Idarusi.

Lilikuwa gari jekundu, fupi, la viti viwili, halina paa, lililoundwa kwa ajili ya kukimbia tu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mhandisi wa shamba moja la mkonge huko mbele ya Pongwe. Alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Idarusi, fundi wake, kwa kuwa kutu ilikwisha kulila na hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Tani Saba akalileta mjini mgongoni mwa lori. Idarusi akalifungua kipande kipande, akalifunga tena, likaunguruma. Sijaona mtu mwenye mikono tulivu namna ile. Nati ikigoma haitukani. Huitia mafuta, huenda kuswali, halafu hurudi.

Yalibaki magurudumu. Ringi za zamani zilikuwa zimeoza, na mpya zilitoka Mombasa, ringi pana za magari ya mbio, zinang'aa hata unajiona uso. Matundu ya nati yalilingana na ya gari sawasawa. Lakini ukizifunga, tairi linaingia ndani mno hata linalamba springi. Idarusi alinieleza siku moja akila vitumbua. Katikati ya ringi kuna uso wa chuma unaokaa juu ya habu, kile kitovu kinachozungusha gurudumu, pale nati zinapokazwa. Uso huo ukiwa mbele sana, upande wa nje, gurudumu zima hujificha ndani ya gari. Ukiwa nyuma sana, gurudumu hutokeza nje. Ringi za Mombasa uso wake ulikuwa mbele. Kwa hiyo Idarusi akachonga sahani za chuma za kuweka kati ya ringi na habu, zilisukume gurudumu nje. Alichonga za aina tatu: nyembamba, za kati na nene. Zipi zifungwe? Hilo ndilo lililonywewa kahawa mwezi mzima.

Wala halikuwa jambo la mchezo. Idarusi alilelewa na bibi yake, Bi Mwanaasha wa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Bibi huyo kila akija Tanga huja kwa lori la mbata, zile nazi kavu, amekaa juu ya magunia, na magoti yake yamekwisha. Mwaka huu Idarusi alimpelekea salamu kwamba kabla ya Maulidi atakwenda kumchukua mwenyewe, kwa gari lake, akae kitini kama watu. Akaweka na nadhiri. Kiti cha abiria hakikaliwi na mtu kabla ya Bibi, na cha dereva atakikalia siku ile ya kwenda kumleta. Hata injini aliiwasha amesimama nje, mkono umeingia ndani. Siku moja Gazeti alijaribu kukaa aonje utamu wake, akatolewa kwa kola ya shati.

Jumapili ninayoisimulia, Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ulikuwa umekwisha kuandama. Tangu asubuhi Idarusi alikuwa amefunga sahani nene magurudumu yote manne, akaondoa magogo, akalishusha gari chini. Kwa kweli lilipendeza. Lilisimama limetanua miguu kama mtu anayengoja kupokea mpira. Idarusi akachuchumaa, akapitisha vidole kati ya tairi na ukingo wa madigadi.

— Viwili, akasema. Vinapita mbele na nyuma.

— Vidole vya nani? akauliza Tani Saba. Vyako vya fundi, vyembamba. Changu hakiingii hata kwenye mkono wa kikombe.

— Kikombe cha kahawa hakina mkono, Mzee Uweso, akasema Idarusi.

— Ndiyo maana nakunywa hapa.

Gazeti alikuwa ameinamisha kichwa upande, analitazama gari kama mtu anayechagua kitambaa.

— Mimi nasema limekwisha. Tazameni mabega hayo. Likipita mtaani, hata msikiti utageuka.

— Litapita mara moja, akasema Tani Saba. Idarusi, mwanangu, nisikilize mimi niliyebeba mkonge tangu wakati wa vita. Chukua ndoo ya maji, ikumbatie kifuani. Halafu ishike kwa mkono ulionyooka. Ipi nzito?

— Ya mkono ulionyooka.

— Ndoo ni ile ile?

— Ni ile ile.

— Basi gurudumu lililotoka nje ni mkono ulionyooka. Beringi zako zitalia kabla hujafika Tongoni. Weka nyembamba, gari lijikumbatie.

Idarusi aliweka spana chini. Alikuwa na tabia ya kulichukua kila neno la baraza kwa heshima, hata la Gazeti, akaligeuza kwanza.

— Ndoo nimeielewa, akasema.

— Yakhe, ndoo na safari wapi na wapi, akasema Mirengu. Mimi watu wananipa roho zao. Ngalawa nikiifupishia mirengu, inapinduka na watoto wa watu. Nikiirefusha, inakaa juu ya maji kama sinia la pilau. Na gari hili ni chombo chembamba, hata bati la juu halina. Lipe mirengu mirefu. Weka nene, na kama unazo nene zaidi ya hizo, weka hizo.

— Na mirengu ikizidi urefu je? akauliza Tani Saba.

Mirengu alipuliza kahawa yake.

— Huvunjika, akakubali. Lakini huvunjika ikiwa imependeza.

— Ninyi mnazungumza mambo ya hapa hapa, akasema Gazeti. Huko Ulaya magari ya mbio magurudumu yake yako nje kabisa, hayana madigadi. Sababu ni upepo. Upepo unaingia kati ya gurudumu na mwili wa gari, huku na huku, unalibana. Gari linaponyoka mbele, kama kokwa ya embe ukiibana kwa vidole.

— Hayo umeyasoma wapi? akauliza Tani Saba.

— Kwenye karatasi.

— Ya karanga?

— Ya karanga, lakini ya Kiingereza.

— Wewe hujui Kiingereza.

— Palikuwa na picha.

Babu yangu aliongeza kahawa bila kuombwa, maana alijua sasa hakuna atakayeondoka. Mirengu alikuwa amepamba moto.

— Mtazameni kaa, akasema. Miguu yote nje. Nani amewahi kumwona kaa aliyejipindua mwenyewe?

— Kaa huenda ubavu, akasema Tani Saba. Idarusi akitoka hapa kwa ubavu, badala ya Pangani atakuja kuuliza njia Maramba.

— Atafika salama lakini.

— Atafika Maramba salama, na bibi yake yuko Ushongo.

Nilidhani Tani Saba ndiye mwenye akili yake siku ile, lakini naye kahawa ilimpanda.

— Kuna na jua, akasema. Tairi la ndani linakaa kivulini mwa gari. La nje linapigwa na jua njia nzima, hewa inavimba, na gari linainuka kidogo kidogo. Mimi namjua dereva aliyefika Kigombe miguu haifiki kwenye breki.

— Alisimamaje? akauliza Idarusi.

— Alingoja jioni.

Gazeti aliona anapitwa. Akaweka kikombe chini, akasimama katikati ya njia, akanyoosha mkono kuelekea kusini.

— Hamjaitazama barabara yenyewe. Barabara ya Pangani imeinama upande wa bahari. Ndiyo maana mvua ikinyesha maji huenda huko. Sasa, ukienda Pangani bahari iko kushoto. Kushoto funga sahani nene, kulia nyembamba. Gari litakwenda wima kama mwalimu wa dini.

Wote wakageuka kutazama kusini, kwa sababu neno hilo lilikuwa kama na ukweli ndani yake.

— Na kurudi? akauliza Tani Saba.

— Kurudi bahari iko kulia.

— Hilo ndilo ninalouliza.

Gazeti alifikiri, mkono ungali hewani.

— Kurudi arudi kinyumenyume.

Babu yangu alicheka hata akamwaga kahawa mkaani. Idarusi naye alicheka, lakini kicheko chake kilikwisha mapema. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akajifuta grisi kwa tambara.

— Nacheka tu, akasema. Lakini Bibi amewaambia Ushongo nzima kwamba hapandi tena lori. Kuanzia mtu wa pantoni mpaka wauza samaki. Nikilifunga vibaya, hawatanicheka mimi. Watamcheka yeye.

— Hakuna atakayemcheka, akasema Mirengu. Weka nene.

Hapo lori la mbata likasimama kwenye kona.

Tulilitazama kama tunavyotazama lori lolote. Utingo akaruka chini, akapokea kikapu, halafu akageuka akashika kitu kikubwa cheusi kilichokuwa kinashuka kinyumenyume, taratibu, mguu mmoja ukitafuta mahali pa kukanyaga. Alikuwa mama mmoja mnene, ndani ya buibui lililojaa vumbi la mbata. Idarusi alidondosha tambara.

— Bibi.

— Ndiyo mimi.

— Shikamoo, Bibi. Nilisema nitakuja kukuchukua.

— Marahaba. Ulisema. Mfungo Tano umeingia, umetoka. Nikasema nije nitazame kama mjukuu wangu mzima, au gari limemla.

Baraza yote ikasimama. Shikamoo zikafuatana, na yeye akaziitikia moja moja, akimtazama kila mtu usoni. Hakuomba kiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akalizunguka polepole kwa magoti yake yale, akapitisha kiganja juu ya rangi kama anavyopapaswa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

— Jekundu kama tungule mbivu, akasema. Ni zuri, Idarusi. Sikudhani ni zuri hivi.

Idarusi alitazama chini.

— Sasa lina ubaya gani hata halikuja?

Wakamjibu wote kwa pamoja. Ndoo, mirengu, upepo, jua, kaa, barabara iliyoinama. Bi Mwanaasha aliwasikiliza bila kumkatiza hata mmoja. Walipochoka, Idarusi akamwonyesha sahani za aina zote, akamweleza kwa utulivu kwamba bila sahani tairi linasugua springi kwa ndani, kwa hiyo amefunga nene. Akachuchumaa tena, akapitisha vidole viwili, avione kwa macho yake.

— Nimeviona, akasema Bibi. Na vidole hivyo viwili ulivipima nani akiwa amekaa ndani?

Mirengu alitazama ndani ya kikombe chake. Gazeti alitazama juu ya paa, ambako hapakuwa na kitu. Tani Saba, aliyebeba mkonge tangu wakati wa vita, alianza kukung'uta kanzu isiyo na vumbi.

— Hakuna aliyekaa, Bibi, akasema Idarusi. Tangu nilichukue, hakuna aliyekaa. Nilikuwekea wewe.

Bi Mwanaasha alikishika kile kiti kwa mkono mmoja, akakibonyeza, akakiachia. Halafu akalikunja pindo la buibui lake.

— Basi nipe mkono, akasema.

Idarusi alifungua mlango. Kiti alikifuta kwa shati lake mwenyewe, maana tambara lilikuwa na grisi. Bibi akasema bismillahi, akaingia. Springi zikalia. Gari likapiga magoti upande wa kushoto, taratibu, mpaka likatulia.

Idarusi alichuchumaa na vidole viwili. Havikupita. Akajaribu kimoja, hakikupita. Ukingo wa madigadi ulikuwa umekaa juu ya tairi kama kifuniko juu ya chungu.

— Tungefika wapi? akauliza Bibi, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia tu.

Tani Saba ndiye aliyejibu.

— Kigombe, dada yangu. Yale mashimo ya Kigombe yangelikata tairi vipande. Pale ungengoja lori.

— Juu ya magunia.

— Juu ya magunia.

— Shuka basi, Bibi, akasema Idarusi, tulinyanyue nibadilishe.

— Sishuki. Leo nimeshuka mara moja, imetosha. Linyanyueni na mimi humu humu.

Nataka niseme jinsi walivyofanya, kwa sababu niliipenda baraza ile kuliko siku zote. Hakuna aliyetaja tena ngalawa wala ndoo. Tani Saba alilala chini kwa kanzu yake akazungusha jeki, na gari likapanda na Bi Mwanaasha juu yake ameketi wima, kikapu mapajani, kama anayeinuliwa kwa heshima zote. Mirengu alilegeza nati. Gazeti alizipokea ndani ya kofia yake mpya, grisi na yote. Idarusi alikwenda gurudumu hadi gurudumu, na kila alipopita upande wa bibi yake, bibi yake alimgusa kichwa.

Walifunga kwanza nyembamba. Zilipokazwa, Idarusi akakata usukani mpaka mwisho, na ndani kukatoka sauti ya tairi likisugua springi.

— Nyembamba ni za malori, akasema Tani Saba, bila kuulizwa.

Wakafunga za kati. Gari likashushwa.

— Kaa na wewe, akasema Bibi. Au nitakwenda peke yangu?

Idarusi alisimama kidogo mbele ya kile kiti cha dereva. Halafu akasema bismillahi, akakaa. Gari likashuka upande wa pili, likawa sawa. Akakata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Hatukusikia chochote. Tani Saba alikwenda kwa magoti kwenye gurudumu la Bibi, akanyoosha kidole chake, kile kinene, akakiingiza chini ya madigadi.

— Kimepita, akasema. Changu. Kimepita.

Akazunguka magurudumu yote manne, kidole kikapita kote. Aliporudi uso wake ulikuwa umechafuka vumbi, na sijawahi kumwona mzee amefurahi vile kwa kidole.

Babu yangu alimpelekea Bi Mwanaasha kahawa kule kule kitini. Aliinywa taratibu, akarudisha kikombe, akashukuru.

— Haya, Idarusi. Washa.

— Nyumbani ni hapo nyuma ya msikiti, Bibi. Nitakupeleka, lakini hata injini haitapata moto.

— Nani ametaja nyumbani kwako? Nipeleke Ushongo.

— Bibi, ndiyo kwanza umefika.

— Nimefika kwa lori. Nimetoka alfajiri, sijaaga mtu, hakuna aliyeniona. Mimi niliwaambia watu kwamba mjukuu wangu atakuja kunichukua. Sasa nirudishe. Ulale kwangu, nikupikie. Kesho asubuhi, jua likiwa juu, unitoe mlangoni pangu unishike mkono, unikalishe, wote wakitazama. Hapo ndipo nitakuwa nimekuja Tanga.

Idarusi alimtazama, kisha akatutazama sisi, kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni kipi. Nilimfungia vitumbua vya njiani. Akaiwasha injini akiwa amekaa, kwa mara ya kwanza, na gari jekundu likaondoka polepole Barabara ya Nane. Tani Saba alilifuata kwa miguu mpaka kwenye kona, ameinama, anatazama tairi la kushoto. Likapita kwenye shimo la bomba. Bi Mwanaasha na buibui lake jeusi akaruka kidogo kitini, akatulia.

— Halikugusa, Tani Saba akapiga ukelele kutoka kule.

Aliporudi aliomba kahawa. Babu akainamisha dele lake la kahawa, likatoa matone tu. Ilikuwa imekwisha na hakuna aliyetambua.

Walikaa hivyo hivyo na vikombe vitupu. Gazeti alikuwa akiitazama kofia yake.

— Nimefikiri, akasema. Kwenda, Bibi amekaa upande wa bahari, na barabara imeinama huko huko. Litalala kidogo. Lakini kurudi, yeye yuko upande wa bara. Atalisawazisha. Litakuja wima.

Tani Saba alifikiri, Mirengu akafikiri.

— Kwa hiyo arudi kwa mbele, akasema Tani Saba.

— Arudi kwa mbele.

Babu aliokota sahani moja nene iliyobaki chini, akaipangusa, akaiweka juu ya baraza, na dele akalisimamisha juu yake. Lilikaa sawasawa.